Joto, maziwa na daftari: mwongozo wa familia iliyopata njiti

Mtoto wetu wa pili alizaliwa mimba ikiwa na wiki 28, akiwa na gramu 1,050. Mama mkwe alipoonyeshwa alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Baba, huyu si ni pakiti ya sukari?" Hakukosea. Alikuwa pakiti ya kilo moja na vijiko vichache juu yake.

Tulikaa wodini siku 57. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa usiku ule wa kwanza, nikiwa nimesimama koridoni na beseni la mke wangu mkononi, sijui nielekee wapi. Dawa na mashine ni kazi ya wahudumu, na neno lao lipite langu. Lakini yapo mambo matatu ambayo familia huyafanya vizuri kuliko mtu yeyote: kumpa mtoto joto, kumpatia maziwa ya mama yake, na kuweka kumbukumbu. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia nguo za mtoto, nunua daftari na kalamu mbili. Moja itaazimwa na haitarudi.

Hatua ya 1: Jua wiki, usiishie kwenye uzito

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Aliyezaliwa kati ya wiki 28 na 32 ni njiti hasa, na aliye chini ya wiki 28 yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Uzito ni habari nyingine: kuna mtoto wa gramu 1,500 wa wiki 30, na kuna wa gramu hizohizo wa wiki 35 ambaye hakupata chakula cha kutosha tumboni. Huyu wa pili mapafu yake yamekomaa zaidi, wa kwanza bado. Ukurasa wa kwanza wa daftari andika: wiki, uzito, tarehe na saa ya kuzaliwa. Utaulizwa hayo kila unapofika, mpaka uyaseme usingizini.

Mtaani utaambiwa kwamba wa miezi 7 hupona na wa miezi 8 hufa. Si kweli. Kila wiki inayoongezeka tumboni humwongezea mtoto nafasi ya kuishi.

Hatua ya 2: Kama bado hajazaliwa, tumia saa ulizonazo

Mke wangu alianza na kichwa kuuma na kuona vimulimuli. Tulidhani ni jua. Kumbe presha ilikuwa juu, na ile ndiyo njia ya kifafa cha mimba. Dalili nyingine za kukukimbiza hospitali ni chupa ya uzazi kupasuka mapema, damu, tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, na mtoto kupunguza kucheza.

Uliza mambo mawili. La kwanza: je, mama atapata sindano za kukomaza mapafu ya mtoto? Ni dawa ya deksamethasoni au ya jamii hiyo, hutolewa mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34, na hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa baada ya saa 24 lakini kabla ya siku 7 kupita. Hata kuchelewesha uchungu kwa siku moja kuna faida. La pili: je, hapa pana wodi ya watoto wachanga yenye oksijeni na mashine za kusaidia kupumua? Kama hapana, omba rufaa mama akiwa bado na mimba yake. Sisi tulipoambiwa tutoke kituo cha afya twende mjini nilikasirika, nikaona tunafukuzwa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuna gari la wagonjwa linalombeba njiti vizuri kuliko tumbo la mama yake.

Hatua ya 3: Usishtuke ukiona mfuko wa plastiki

Walimtia mtoto wetu kwenye mfuko safi wa plastiki, kichwa kikiwa nje na kofia juu. Nilitaka kupiga kelele. Mtoto wa wiki hizo ana ngozi nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi na hana mafuta chini yake, kwa hiyo maji yanayokauka mwilini huondoka na joto lake. Mfuko unalizuia. Joto linalotakiwa ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 likipimwa kwapani. Mtoto aliyepoa hutumia nguvu zake zote kujipasha, akaanza kushindwa kupumua na sukari ikashuka.

Kama amezaliwa njiani au nyumbani na mnamkimbiza hospitali, mkaushe mwili na kichwa, mvishe kofia, mweke kifuani kwa mtu ngozi kwa ngozi, funga kitenge na shuka juu. Msimfunge peke yake kwenye mablanketi kumi. Blanketi halitengenezi joto, linatunza tu lililopo, na yeye hana.

Hatua ya 4: Zijue mashine, kisha uliza maswali yaleyale kila siku

Mirija miwili mifupi puani, inayoishia kwenye chupa ya maji yenye mapovu, inasukuma hewa ili vifuko vya mapafu visisinyae. Mapovu yakikoma, mwite nesi. Kidude chenye taa nyekundu mguuni kinapima oksijeni. Mtoto akiwa anaongezewa oksijeni, wengi hulenga asilimia 90 hadi 95. Wazazi tunapenda kuona 100, lakini oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya macho ya njiti, basi msiwaombe wamwongezee. Taa ya buluu ni ya kutibu ugonjwa wa manjano. Kumwanika mtoto dirishani si tiba mbadala ya taa hiyo, na njiti atapoa tu.

Alamu zitalia kutwa nzima. Mara nyingi ni waya umechomoka. Wiki ya kwanza nilikuwa nayatazama mashine, nesi mmoja mtu mzima akaniambia, "Baba, mtazame mtoto." Rangi yake, kifua chake, anavyojinyoosha. Toka siku hiyo niliacha kupagawa.

Madaktari hupita asubuhi. Jua saa ya raundi, uwepo, na uulize haya tu: amelala na uzito gani? Anapata mililita ngapi na kila baada ya saa ngapi? Anapumua kwa msaada gani leo, na jana? Kuna kipimo au dawa iliyobadilika? Sisi tufanye nini leo? Andika majibu palepale. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, ana maumivu na usingizi. Kila aliyesikia jambo alilisikia kivyake, na bila daftari tungegombana.

Kuhusu uzito, jiandae: siku za mwanzo utashuka. Wetu alifika 940 siku ya 6 na bibi yake akalia. Kupungua kama asilimia 10 ni kawaida kwa hawa wadogo, huku wakirudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi. Baada ya hapo hutazamiwa kuongeza kama gramu 15 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Hiyo ndiyo maana ya kushangilia gramu 16.

Hatua ya 5: Maziwa, na hapa msilale

Maziwa ya mama wa njiti ni tofauti na ya mama aliyejifungua kwa wakati: yana protini na kinga zaidi. Kwa mtoto mdogo namna hii ni dawa, kwa sababu utumbo wake ukipewa maziwa ya kopo una hatari kubwa zaidi ya kuvimba na kuoza, ugonjwa unaoua haraka.

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni ufundi anaoupata kwenye wiki ya 32 hadi 34 hivi. Kabla ya hapo analishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Wetu alianza na mililita 2 kila baada ya saa 2. Mililita 2! Hata nusu ya kijiko cha chai haijai.

Mama aanze kukamua mapema, ikiwezekana ndani ya saa chache za kwanza, hata kama yanatoka matone. Yale ya njano ya mwanzo yakusanye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hata tone lisipotee. Kisha akamue mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Usiku ndiko watu wanakoshindwa. Mwili ukiona usiku hakuna anayeyataka, baada ya siku chache na mchana unapunguza.

Namna ya kukamua kwa mkono: osha mikono kwa sabuni, kaa umeinama mbele kidogo, kanda titi taratibu kwa kitambaa cha uvuguvugu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu, kama herufi C. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Usivute chuchu wala usiteleze vidole kwenye ngozi. Yakipungua upande mmoja, zungusha vidole, halafu hamia titi la pili. Mke wangu alikuwa akikamua huku anamtazama mtoto au ameshika kofia yake yenye harufu yake, na yalitoka zaidi. Mwanzo nilidhani ni mambo ya kufikirika, lakini chupa ilinionyesha.

Kikombe cha kupokelea kiwe kimechemshwa. Kwenye chumba chenye nyuzi 25 maziwa hukaa hadi saa 4, ila wodi ya Dar mwezi wa Februari haina nyuzi 25, kwa hiyo tulikamua kila mlo upya. Palipo na friji, andika jina, tarehe na saa kwenye kila chombo, na kila mara soma jina kabla ya kumpa. Nimeshuhudia maziwa ya mtu yakikaribia kwenda kwa mtoto wa mwingine.

Kazi ya baba na ndugu hapa ni kumlisha anayekamua. Uji wa lishe, mtori, supu, samaki, maji mengi. Shangazi yangu alileta supu ya pweza kwa imani yake kwamba inaita maziwa. Sikubishana. Mama alikula akashiba, akacheka, na hilo pia linasaidia.

Akianza kumeza, wengi hupitia kikombe kidogo kabla ya titi. Kile cha kahawa ya kijiweni kinatosha. Mtoto awe amekaa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, naye alambe mwenyewe, usimmiminie, atapaliwa. Chupa za chuchu ni ngumu kusafisha, na sisi tulikatazwa.

Hatua ya 6: Kangaroo

Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, akawapa mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo kangaroo. Ilianza kama suluhisho la uhaba. Baadaye utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliwagusa watoto wa kilo 1 hadi karibu 1.8. Walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kutengemaa, vifo vyao vilikuwa asilimia 12.0, walioanza baadaye, asilimia 15.7. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwachelewesha wengine. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri ianze mapema na ifanyike saa 8 hadi 24 kwa siku.

Wewe utaambiwa, "njoo umbebe kidogo." Uliza kama unaweza kukaa zaidi. Nusu saa haitoshi.

Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Kifua chako kiwe wazi na safi. Mweke wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama chura, mikono pembeni, kichwa kimegeukia upande mmoja na kidevu kimeinuliwa kidogo: kikiinama sana njia ya hewa inabanwa, kikienda nyuma sana pia. Funga kitenge kwa nguvu ya kutosha ili ukisimama asishuke, ukingo wa juu uishie chini ya sikio. Fundo lisikae juu ya kifua chake. Kisha vaa shati juu. Lala umeegemea mito, usilale chali kabisa. Mirija ya oksijeni na mpira wa maziwa havizuii. Nesi atakusaidia kupanga waya.

Nami nilimbeba. Siku ya kwanza nilitoka jasho, nikaogopa kupumua. Kuna mwanamume jirani aliyenicheka nilipofunga kitenge, na siku ya tatu akaja kuuliza fundo linafungwaje. Kifua cha baba kina joto lilelile, cha bibi pia, cha dada pia, ilimradi mtu hana kikohozi, hana ugonjwa wa ngozi, hajavuta sigara na ameoga. Daftari letu lina safu ya saa za kangaroo: siku nzuri tulifikisha 17 kwa zamu za watu watatu.

Hatua ya 7: Panga watu na fedha

Matibabu ya watoto chini ya miaka 5 yana msamaha kwa sera kwenye vituo vya umma, lakini mfuko utatoboka tu: nauli, chakula, nepi, dawa zisizopatikana dirishani, wakati mwingine kuombwa ndugu wachangie damu. Teua mtu mmoja wa kupokea michango na mwingine wa kujibu simu. Mimi nilimpa shemeji kazi ya kutuma ujumbe mmoja kila jioni kwenye kundi la familia. Simu 20 za "mtoto anaendeleaje" zikakoma.

Kwa mama aliyeajiriwa, piga hesabu hii. Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84. Mtoto wa wiki 28 amebakiza wiki 12 kufika 40, na wiki 12 ni siku 84. Kwa maneno mengine, likizo ya kawaida ilikuwa inakwisha siku ileile ambayo mtoto alitakiwa ndiyo kwanza azaliwe. Taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ni miongoni mwa waliolipigania jambo hili, na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea mama wa njiti muda hadi mtoto afikishe wiki 40. Omba barua ya daktari yenye wiki za mimba zimeandikwa wazi, uipeleke kwa mwajiri mapema.

Na mama mwenyewe apimwe presha. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua, na wote tunakuwa tumemsahau tunamtazama mtoto. Akiwa halali hata akipata nafasi, halii wala hacheki, au anasema mtoto si wake, mwambieni daktari.

Hatua ya 8: Siku mbaya

Njiti husahau kupumua. Ubongo wake bado mchanga. Anatulia, anabadilika rangi, mapigo yanashuka. Kwanza tikisa unyayo au sugua mgongo taratibu, huku unamwita nesi. Wengi huzinduka. Wetu alifanya hivyo mara nne siku ya 11, na haikuwa kusahau tu bali maambukizi kwenye damu. Sisi ndio tulioona kwanza, kwa sababu daftari lilionyesha kuwa tangu alfajiri maziwa yalikuwa yanabaki tumboni na joto linashuka. Tumbo kujaa, matapishi ya kijani, ulegevu wa ghafla: sema mara moja, hata kama umesema jambo jana ukaonekana msumbufu.

Si wote tuliotoka na watoto. Kitanda cha tatu kutoka chetu kilibaki kitupu asubuhi moja, na yule mama alipita kutuaga. Likiwafika hilo, ombeni kumshika na kumpa jina. Ndugu wanaokuja kusema "bado kijana, utapata mwingine" wazuieni mlangoni.

Hatua ya 9: Kabla ya kuruhusiwa

Msishangilie kilo peke yake. Mtoto awe anakula vizuri kwa titi au kikombe, ameongezeka uzito siku kadhaa mfululizo, anatunza joto akiwa kifuani, amepitisha siku kadhaa bila kusahau kupumua, na mama hana woga wa kumhudumia. Wetu alitoka na gramu 1,880.

Msitoke bila kuuliza haya: macho yamepimwa? Kwa aliyezaliwa na wiki hizi kipimo cha kwanza hufanywa akiwa na wiki 4 hadi 6 tangu kuzaliwa, na tatizo likikutwa mapema linatibika. Likichelewa ni upofu. Si kila hospitali ina mtaalamu, kwa hiyo pateni jina la inayopima na tarehe. Masikio je? Ultrasaundi ya kichwa ilionyesha nini? Matone ya madini ya chuma na vitamini yanaanza lini, kiasi gani? Kliniki ya njiti ni siku ipi?

Hatua ya 10: Nyumbani

Kangaroo inaendelea mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga kutaka kutoka. Wageni wachache, mikono kwa sabuni, mwenye mafua abaki uani, jiko la mkaa na sigara mbali na chumba chake. Kuogesha si lazima kila siku. Kitambaa cha uvuguvugu kinatosha. Maji ya moto ya kumkanda viungo, sikuyaruhusu, na hapo nilikosana na mama mkwe kwa siku mbili.

Rudini hospitali usiku huohuo akigoma kula, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikiingia ndani, akishikwa na degedege, akiwa wa moto au wa baridi hata baada ya kangaroo, au manjano ikifika viganjani na nyayoni.

Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa. Wiki ya 6 ni wiki ya 6. Maendeleo ndiyo hufuata hesabu nyingine: toa wiki alizowahi, na ufanye hivyo hadi afike miaka 2. Wetu ana miezi 9 kwenye kadi na ndiyo kwanza anakaa bila kuegemezwa, jambo la mtoto wa miezi 6. Majirani huuliza mbona amechelewa. Mimi nilikuwa nawaeleza kwa kirefu, na daftari naleta. Siku hizi hawanifikii. Mama mkwe huwakatizia mlangoni, ndoo mkononi: "Toa miezi mitatu kwanza, halafu ndiyo uniulize."